Rufaa ya Pandu katika Nchi ya Kwazamu

Kidawa binti Shomari wa Bagamoyo alifikaje Kwazamu, hilo tusilipotezee muda. Wapo wanaosema alipotea njia, wapo wanaosema alifuata harufu ya vitunguu. Mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba aliyefika hana haja ya kueleza njia, kisha hugeuza maneno. Kubwa ni kwamba alifika, akakaa, akarudi na maumivu ya mgongo, na tangu arudi hawezi kumsikia mtu akikohoa asiinuke.

Ni vizuri tumjue mapema. Kidawa ni mpishi wa shughuli. Harusi ikiwa kubwa huitwa yeye, na akiitwa husimama katikati ya masufuria, mkono mmoja unakoroga pilau, wa pili unaonja mchuzi, mdomo unaimba, na katikati ya wimbo humgombeza mkata vitunguu na kumuuliza bibi harusi kama amekula. Foleni haijui. Kwenye mashine ya kusaga hufika wa mwisho akaondoka wa kwanza, na watu humsamehe kwa kuwa huwachekesha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta katika nchi yenye sheria moja mama, iliyochongwa kwa herufi kubwa juu ya lango la mji: KILA JAMBO LINA ZAMU YAKE, NA KILA ZAMU INA MWENYEWE.

Watu wa Kwazamu hawafanyi mambo mawili kwa pamoja. Anayetembea hazungumzi, akitaka kuzungumza husimama, na ndiyo maana safari ya sokoni huwachukua watu wawili wanaopendana siku nzima. Ugali huliwa wote kwanza, ukaisha, watu wakanawa, ndipo mboga ikaletwa. Bwana harusi huoa wiki hii na bibi harusi akaolewa wiki ijayo, na siku za katikati hakuna ajuaye amwite nani shemeji. Kulia ni Jumatatu. Kucheka ni Alhamisi. Anayekosea siku hushikwa na askari wa nyuso, ambao huzunguka mitaani wakikagua midomo ya watu, wenyewe wakiwa hawana sura yoyote.

Pamoja na hayo ni watu wema. Ni wasafi, hawadokoi, hawapigi kelele, na mgeni kwao ni mgeni kweli, mradi mtaa uwe na zamu ya wageni.

Mtaa wenye zamu siku ile ulikuwa wa Bi Sikudhani, mjane mwenye uso mpole na nyumba nadhifu. Alimkaribisha Kidawa mkekani akamletea chai. Kwanza yakaja maji ya moto, Kidawa akanywa. Kisha yakaja majani, akayatafuna. Kisha ikaja sukari, akailamba, akasema ahsante kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake. Lakini macho yake hayakuwa kwenye sukari. Yalikuwa kwenye macho ya mwenyeji, yaliyovimba kiasi ambacho mtu asingeweza kuyaficha.

"Dada, unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi. Nililia Jumatatu. Zamu ilikwisha kabla ya machozi, basi yaliyobaki nimeyaweka."

"Unamlilia nani?"

Bi Sikudhani aliweka kikombe chini, kwa sababu hakuweza kukishika na kusimulia.

Alikuwa na mtoto mmoja, Pandu, mshona viatu. Siku moja Pandu alikwenda dukani kwa Mzee Shaweji akakuta foleni, akasimama mkiani kama inavyopasa. Mzee Shaweji alikuwa na aibu yake ambayo mtaa mzima uliijua na kuifumbia macho: alikuwa akila kashata huku akicheka. Mambo mawili. Siku hiyo kashata ilimpalia. Akashika koo, akageuka rangi, na foleni ikasubiri. Pandu akatoka mkiani mbio, akampiga mzee mgongoni, tena na tena, na mkono mwingine akaunyoosha kuutafuta mtungi wa maji uliokuwa juu ya meza ya duka. Mtungi ukaanguka. Mzee akafia mikononi mwake.

"Mashahidi walisema walichokiona," alisema Bi Sikudhani. "Waliona kijana anampiga mzee, na waliona anakwapua mtungi. Hawakusema uongo. Mahakama ikamtia hatiani kwa kuua na kwa kujaribu kunyang'anya. Kujaribu, maana mtungi haukutoka dukani."

"Wakampa adhabu gani?"

"Kunyongwa. Na miaka saba jela. Na zifuatane."

Kidawa alidhani sukari imemlevya. "Zifuatane vipi? Anyongwe, halafu afungwe?"

"Hapa kwetu adhabu mbili haziendi pamoja, dada. Kubwa hutangulia. Rufaa ni kesho. Ikishindwa, ananyongwa Ijumaa." Sauti yake haikutetemeka, kwa kuwa haikuwa siku yake, lakini vidole vilikuwa vikichambua ukili wa mkeka, na Kidawa alivishika akavitia mikononi mwake.

Asubuhi walikwenda gerezani kumpelekea Pandu uji. Mkuu wa gereza, Bwana Makungu, aliwapokea kwa heshima zote na akataka mgeni aone namna Kwazamu inavyowatunza watu wake. Aliwaonyesha chumba kilichofagiliwa, kitanda cha kamba kando ya dirisha, na bakuli jipya.

"Hiki ni cha Pandu," alisema. "Cha miaka saba. Nimemwekea dirishani apate hewa."

"Miaka saba ya baada ya kunyongwa?"

"Naam."

"Bwana Makungu, si atakuwa maiti?"

"Atakuwa mfungwa, bibi. Sisi hatuna maiti mpaka kifungo kiishe."

"Na asubuhi asipoamka kwenda kazini?"

Bwana Makungu alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeguswa penye kidonda cha kazi yake. "Huo ni ukaidi, na hatuuvumilii. Huongezewa."

Pandu alikuwa kijana mrefu mwenye mapengo na tabasamu la Alhamisi. Alimwamkia Kidawa, akanywa uji wote, akafuta mdomo, ndipo akasema. "Shikamoo tena, mama. Hapo chumba cha pili nina jirani kaongezewa mpaka wamechoka kumwongezea. Mkaidi sijapata kuona. Tangu anyongwe hajaitika jina lake hata mara moja."

Kidawa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona aibu, kwa sababu mama wa kijana alikuwa amesimama palepale. Lakini Bi Sikudhani naye alikuwa akicheka. Siku ilimruhusu.

"Unajuta, mwanangu?" Kidawa alimuuliza walipotulia.

"Kukimbia sijuti. Ninajuta kwamba nilikuwa mkiani. Ningekuwa mbele ningemfikia mapema."

Maneno hayo Kidawa aliyachukua akaenda nayo mahakamani, yakimkereketa bila ya yeye kujua kwa nini.

Mahakama ya Rufaa ya Kwazamu ina majaji watatu, na kazi wamegawana. Wa kwanza ni Jaji Msikilizaji: yeye husikia kila neno, lakini haruhusiwi kufikiri wala kusema. Wa pili ni Jaji Mfikiri, ambaye hutia pamba masikioni asivurugwe na maneno ya watu. Wa tatu, Jaji Msemaji, hutamka hukumu kwa sauti nzuri inayofika mpaka uani. Yaliyosikiwa na wa kwanza hupelekwa kwa wa pili kwa ishara za mikono, na yaliyofikiriwa na wa pili hupelekwa kwa wa tatu kwa kukonyeza. Wenyeji wanajivunia sana mpango huo. Wanasema hakuna jaji wao aliyewahi kukosea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuamua peke yake.

Msikilizaji alikuwa mzee mwembamba aliyekaa na kichwa kimeinama upande. Watu walisema ana miaka mingi hajatoa sauti, hata nyumbani, kwa kuzoea.

Wakili wa Pandu, Bwana Kitwana, alisimama akiwa amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Kidawa alitega sikio asikie akisema kwamba kijana hana hatia. Hakulisema. Alisema kwamba ameleta hoja itakayoitikisa nchi: adhabu zipangwe upya. Mteja wake alinyoosha mkono kwenye mtungi kabla mzee hajakata roho. Basi jaribio la unyang'anyi lilitangulia na mauaji yakafuata. Basi miaka saba itangulie na kunyongwa kufuate.

"Huo utakuwa ushindi mkubwa," alimnong'oneza Bi Sikudhani alipokaa, akijifuta jasho.

"Ushindi gani, naye atanyongwa?"

"Atanyongwa kwa mpangilio, mama."

Mwendesha mashtaka, Bi Kazija, mwanamke wa miwani na sauti kavu, alijibu kwamba kofi la kwanza lilitangulia mkono wa mtungini. Wakabishana. Kofi lilianza, lakini mkono ulifika. Mkono ulifika, lakini kofi lilikusudiwa zamani. Wakaletwa watu wawili na mtungi, wakafanya igizo mbele ya majaji, na aliyeigiza mzee akafurahi sana kufa akaomba arudie. Ukumbi ulicheka, kwani Alhamisi ni Alhamisi. Jaji Mfikiri, na pamba zake, alitazama igizo lote akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani ni ngoma.

Kidawa alikuwa anachemka. Kule kwao angekwisha kusimama juu ya benchi. Alimvuta wakili joho. "Bwana, mbona husemi kwamba alikuwa anamwokoa?"

"Hilo ni rufaa ya kupinga hatia, bibi. Hii ni rufaa ya kupinga mpangilio. Hatuwezi kukata mbili kwa pamoja. Tukimaliza hii, ile itapata zamu yake."

"Lini?"

"Mwezi ujao."

"Na kunyongwa ni lini?"

Wakili alisafisha koo, akatazama dari.

Wakaitwa mashahidi wa foleni, kuanzia mkiani kwenda mbele, ili mahakama ijue mkono na kofi vilionekanaje kutoka kila mahali. Alikuja mwashi, akaja muuza maziwa, akaja mwalimu wa watoto, akaja mkunga. Kila mmoja aliulizwa kama alimwona Mzee Shaweji akipaliwa, kila mmoja akasema alimwona. Na wewe ulifanya nini? Nilisubiri, haikuwa zamu yangu. Walisema hivyo bila kiburi na bila aibu, kama mtu anayetaja jina la baba yake. Ni mkunga tu aliyeongeza kwamba mikono ilimwasha.

"Na wewe ulikuwa wa ngapi?" Bi Kazija alimuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu.

"Wa pili," alisema mkunga, akatazama chini, akashuka.

"Mashahidi wamekwisha," alisema Bi Kazija.

Mpishi wa shughuli ana ugonjwa mmoja: akipanga sahani, macho yake huenda kwenye nafasi iliyokosa sahani. Kidawa aliinuka nusu akarudi kukaa. Wa pili ndiye shahidi wa mwisho. Kwani foleni ya hapa inaanzia wa pili?

Lakini zamu haikuwa yake. Walizungumza wazee wa mtaa, wakazungumza wenye maduka, wakazungumza washona viatu wenzake Pandu, kila mmoja kwa wakati wake, na Kidawa, ambaye maishani hakuwahi kusubiri hata wali ukauke, alisubiri. Alikaa juu ya mikono yake isimponyoke. Baadaye alisema kwamba kupika harusi tatu kwa siku moja ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Mwisho kabisa karani alisoma kwa haraka, akikunja makaratasi: "Zamu ya mgeni, kama yupo, na kama hayupo..."

"Nipo," alisema Kidawa.

Karani alibaki na mdomo wazi. Kifungu kile kilikuwa cha mapambo. Wageni wote wa zamani walikuwa wamechoka wakaenda zao.

"Waheshimiwa, mimi sheria siijui, najua sufuria," alisema Kidawa. "Nina swali moja dogo. Tumemsikia wa mkiani, tumewasikia wa katikati, tumemsikia wa pili. Wa kwanza alikuwa nani?"

Muuza maziwa alianza kukagua kucha zake. Mkunga alijifunika kanga usoni. Mwalimu wa watoto akatazama mbele, kwenye meza ya majaji, kisha akaona ametazama akageuza shingo haraka.

"Swali hili halihusiani na mpangilio wa adhabu," alisema Bi Kazija.

"Dada yangu, zamu ni yangu. Na langoni mmeandika wenyewe, kila zamu ina mwenyewe. Basi niambieni. Siku ile Mzee Shaweji alipokuwa anakata roho, zamu ya kumpiga mgongo ilikuwa ya nani?"

Jaji Mfikiri, alipoona watu wamegeuka mawe, alichomoa pamba sikio moja. "Wanasemaje?" alimuuliza mwenzake kwa mikono.

Jaji Msikilizaji hakumjibu kwa mikono. Alisimama. Alifungua kinywa, na kwa muda hakikutoka kitu, ila mkwaruzo, kama mlango wa ghala lililofungwa tangu mavuno ya zamani.

"Yangu," alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Nilikwenda kununua ugoro. Nilikuwa wa kwanza. Mzee Shaweji alikuwa karibu nami kama alivyo karani huyu. Nilimsikia akipaliwa. Mimi kazi yangu ni kusikia, basi nilisikia vizuri, sauti yote, mpaka ilipokwisha." Alishika meza. "Zamu ilikuwa yangu, nikaisimamia isiguswe. Kijana huyu aliiokota nilipoiacha. Nami nikakaa hapa nimsikilize akihukumiwa kwa ajili ya zamu hiyo."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, siku ya Alhamisi, mbele ya askari wa nyuso wanne, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Jaji Mfikiri alichomoa pamba ya pili. Kwa kuwa sasa alikuwa amesikia, alifikiri upesi kuliko alivyowahi. Alimgeukia Pandu na, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu jengo lile lijengwe, akamuuliza mwenyewe kwa mdomo wake: "Kijana, ule mtungi ulitaka kuupeleka wapi?"

"Mdomoni kwake, mheshimiwa," alisema Pandu. "Sikuwa na mpango wa mbali zaidi ya hapo."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mwashi, kikaja mbele mpaka kikamfikia Bi Kazija, ambaye alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu bila sababu. Kisha akasema serikali haina la kuongeza.

Jaji Msemaji alisubiri akonyezwe. Hakukonyezwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akagundua kwamba yeye pia ana masikio, na kwamba ameyatumia mchana kutwa bila kibali. Basi akasema yaliyokuwa moyoni mwake, kwa ile sauti inayofika uani: "Hatia ya kuua imefutwa. Hatia ya kujaribu kunyang'anya imefutwa. Na zimefutwa zote mbili," hapa alipumua kwa nguvu, "kwa pamoja."

Bi Sikudhani alikuwa amekaa wima muda wote huo, mikono mapajani, kama sheria ilivyomlea. Aliposikia neno lile la mwisho alicheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, na katikati ya kicheko akiba yote ya Jumatatu ikamfumuka machoni, akawa analia na kucheka, hakuna aliyeweza kusema kipi kimetangulia. Askari wa nyuso alimkimbilia, akanyoosha mkono kumkamata kwa kulia, akaurudisha kwa sababu alikuwa anacheka, akaunyoosha tena. Mwisho alibaki ameuacha mkono hewani, na midomo yake mwenyewe ikaanza kucheza. Pandu aliruka kizimba akamkumbatia mama yake huku akizungumza, na hakuna aliyewaambia wachague moja.

Jioni ile Kidawa alipika. Alidai masufuria yote ya mtaa na kuyabandika kwa mpigo, pilau, mchuzi, kachumbari ikikatwa pembeni, na wenyeji wakasimama kuzunguka meko wakishangaa kama watoto kwenye mazingaombwe. Bwana Makungu alikuja na bakuli lile jipya akisema ni la Pandu kwa hali yoyote. Wakili Kitwana aliwaeleza watu alivyoshinda kesi. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile wali ulikutana na mchuzi kwenye sahani moja, na watu wazima wakafumba macho.

Katika furaha ile Kidawa alisahau alikokuwa. Alikuwa anakula, anasimulia habari za Bagamoyo na kucheka, yote kwa pamoja, na punje ya wali ikamwingia pasipo pake. Alikohoa. Kabla hajanyoosha mkono kutafuta maji, mtaa mzima ulikuwa juu yake. Mwashi, muuza maziwa, mwalimu, mkunga na askari walimwangukia kwa makofi ya mgongo, mitungi ikamiminwa kichwani, pilau ikamwagika, na Bi Kazija akapoteza miwani kwenye kachumbari.

Punje ilitoka kwa kofi la kwanza kabisa. Lilikuwa kofi zito la mkono mwembamba, na lilimfikia kabla mwingine yeyote hajainuka. Kidawa, akiwa amelowa chapa, aligeuka kuona ni nani, akamkuta Jaji Msikilizaji amesimama nyuma yake, mkono bado umeinuliwa.

"Nilikusikia," alisema mzee.

Mgongo ule ulimuuma Kidawa mpaka Bagamoyo, na hakumlalamikia mtu.